Kipande cha Mvunjaji

Kazi yangu ilikuwa kuvunja mbao walizotengeneza wenzangu. Nawaandikia ninyi mliobaki karakana, hasa huyo aliyerithi meza yangu, kwa sababu siku ya kuniaga mlinipigia makofi, mkanilisha kuku, mkanipa ndoo yangu ya zamani kama zawadi, lakini hakuna aliyeniuliza kazi yenyewe inafanywaje. Pengine mlidhani kuvunja hakuhitaji kufundishwa. Ni kweli, mtoto mdogo anavunja vizuri kuliko mimi. Ila hawezi kukwambia kitu kimevunjika kwa sababu gani, na hapo ndipo nilipopata riziki yangu.

Niliingia pale nikiwa tayari mtu mzima. Nilikuwa nimefanya kazi reli, upande huu wa mto, Lubunga, ninakoishi, mpaka treni zikageuka kuwa mambo ya kusimuliana. Wakati huo Mama Kahindo, ambaye wengi walimfahamu kwa kuuza chumvi na sabuni kwa jumla tangu alipotoka Kivu ya Kaskazini, alikuwa amenunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kukodi ghala huko Makiso, ng'ambo ya mto, nyuma ya bandari. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Mji huu una mashine za kupasua magogo, nazo zinatupa vumbi la mbao kila siku. Tena una mitaro iliyojaa vifuko vya maji na bidoni za njano za mafuta zilizopasuka. Kusanya vyote viwili, yeyusha plastiki, changanya, shindilia kwenye kalibu, utapata ubao ambao mchwa hawauli na mvua haiuozeshi. Watu walimcheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikavuka mto kwenda kuomba kazi.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mashine. Palikuwa na meza na dirisha linalotazama ukuta.

"Papa Bolamba," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, kilichochanganyika na Kifaransa, "we ulikuwa kwa reli, donc unajua uzito. Mi siwezi kuuzisha batu kitu yenye itawaangusha. Kila ubao yenye itatoka, we unavunja."

"Yote, mama? Sasa utauzisha nini?"

"Si yote! Kipande. Tonton Ramazani atakuletea kipande."

Ramazani, tuliyemwita Tonton kwa heshima, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukumbi wa mashine. Alikuwa seremala, mtoto wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa mjini hapa tangu enzi za misafara ya biashara, na kofia yake ilikuwa imeshiba vumbi la mbao hata huwezi kujua ilinunuliwa ikiwa na rangi gani. Kila ubao aliutengeneza mrefu kidogo kuliko mteja alivyotaka. Kwenye mwisho alichora mstari kwa kisu, akakata kile kilichozidi, akaniletea. Hicho tulikiita kipande cha mvunjaji. Ubao wenyewe uliegemezwa ukutani ukisubiri jibu langu. Kipande kikibeba vizuri, nilipiga kelele kupitia ukutani, "Imepita!" naye akagonga pipa tupu la mafuta kwa nyundo, mara moja, ng'aa, kuonyesha amesikia. Kikishindwa, nilinyamaza tu. Akiona kimya kimezidi, aliurudisha ubao kwenye mashine ukayeyushwa upya. Hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana hivyo. Ilitokea tu, ikawa desturi ya nyumba.

Vifaa vyangu mnavijua, mnavipita kila siku bila kuviangalia. Vipande viwili vya reli nilivyovivusha mwenyewe kwa mtumbwi, mpiga kasia akinung'unika njia nzima. Kipande cha ubao kinalala juu yake kama daraja. Katikati unaning'iniza ndoo, unamimina mchanga kwa kikombe, polepole, huku unatazama. Halafu kuna ile nyundo ya reli inayoning'inia kwa waya. Hiyo ni ya kuangushia. Ndoo inakuonyesha ubao utakavyovumilia mzigo uliotulia, na nyundo inakuonyesha utakavyovumilia mshtuko. Ukipima kwa kimoja ukaacha kingine, hujapima.

Kusikiliza nilifundishwa na Ramazani. Alikuja mwenyewe siku za mwanzo, akainama, akaweka sikio karibu na ubao wakati mchanga unaingia.

"Sikia, Papa. Iko naongea."

Nikasikia mlio mwembamba, kama mtu anayesogea kitandani chumba cha pili.

"Inakuambia imechoka," akasema. "Ile njo muzuri. Ubao yenye haiongeaki, usipandaka juu yake."

Nilipofiwa na mke wangu, Ramazani alivuka mto akakaa nami matanga yote, akila nilichokula na kunyamaza niliponyamaza. Watoto wangu walikuja kutoka Kinshasa, wakalia, wakarudi. Yeye aliendelea kuja Jumapili ingawa kwake haikuwa siku ya ibada. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Sasa nije kwenye unga wa mawe. Mbao zetu za kwanza zilikuwa na nguvu lakini zilikuwa vivu. Tulitengeneza mabenchi ya kanisa moja, na kila ilipofika saa sita jua likapiga bati, yalianza kulegea katikati. Waumini wanene waliteremka taratibu hadi magoti yakakaribia kidevu. Mama Kahindo akasafiri hadi Uganda kwa mambo yake ya sabuni, akarudi na habari kwamba wenzetu huko wanachanganya unga wa mawe ndani ya plastiki, na mbao zao hazilegei.

Mawe ya kusaga hatukuwa nayo. Tukakumbuka mpembe, ule udongo mweupe ambao wajawazito wetu hutafuna. Ramazani akaenda sokoni akanunua vikapu vizima, na wale mama wauzaji wakamuuliza kama karakana nzima ilikuwa na mimba. Tukauponda, tukautia kwenye mashine siku hiyo hiyo. Hakuna aliyefikiri kwamba udongo wa kutafunwa huuzwa ukiwa na unyevu ili uwe mtamu mdomoni. Maji yakachemka ndani ya plastiki ya moto, na mbao zikatoka zimejaa matundu kama mikate. Nilivunja vipande vya siku hiyo kwa mkono mtupu. Kuanzia hapo mpembe ukakaangwa juu ya bati mpaka ukauke kabisa, ukapondwa, ukachujwa kwa kitambaa, ndipo ukaruhusiwa kuingia. Huyo anayeuchuja sasa kwa chujio la chai, namwona. Nimestaafu lakini sijapofuka.

Ngoja niwaeleze vizuri mpembe unafanya nini, maana ndio ulionigharimu rafiki. Plastiki peke yake ni laini, ukiikalia inakufuata. Vumbi la mbao linaipa mwili. Unga wa mawe, ukiwa mkavu na laini na umetawanyika sawasawa, unaikaza zaidi. Ubao haulegei juani, haujipindi unapopoa, na uso wake unateleza kama sahani. Yote hayo ni kweli, niliyaona kwa ndoo yangu. Lakini kinachoshikilia kila kitu pamoja ni ile plastiki. Kila kopo la unga unaloongeza linahitaji plastiki ya kulifunika, nayo ni ile ile, haijaongezeka. Ukizidisha, chembe zinabaki zinagusana kavu kwa kavu, zinaganda mabonge, na kila bonge ni mahali pa ufa kuanzia. Ubao wa namna hiyo utakudanganya ukiubonyeza taratibu, kwa sababu haujipindi hata kidogo. Uangushie nyundo ndipo utaujua.

Ramazani aliupenda mpembe. Maisha yake yote alikuwa amepigana na mbao zinazopinda, na sasa amepata kitu kinachotoka kwenye kalibu kimenyooka na cheupe. Kila juma aliongeza kidogo. Kila juma nilinyamaza mara nyingi zaidi, naye akarudisha mbao kwenye mashine akinitania kwamba sikio langu limezeeka. Tulicheka. Haikuwa ugomvi bado.

Ugomvi uliletwa na jeneza. Msikiti wao, kama misikiti mingi, una jeneza moja la watu wote. Maiti anabebwa juu yake hadi kaburini, analazwa ardhini, na jeneza linarudi msikitini kusubiri mwingine. Lile la zamani lilikuwa la mti, mchwa wamelila, katikati limebonyea. Baba yake Ramazani alipofariki alibebwa juu ya hilo. Ramazani aliniambia habari hiyo mara moja tu.

"Papa yangu alienda kwa kaburi amekunjika katikati, kama samaki kwa kitunga. Batu wote waliona. Mi nilikuwa mbele, nimebeba, sikuwa na kitu ya kufanya."

Akaamua kutengeneza jeneza jipya la ubao wetu, zawadi kwa msikiti. Mikono yake minne, ile mihimili inayokaa mabegani, akaitengeneza kwa mchanganyiko mweupe kuliko wote tuliowahi kutoa. Kipande cha mvunjaji akakileta mwenyewe, akasimama mlangoni kutazama. Niliijaza ndoo mchanga mpaka mdomoni. Kipande hakikujipinda wala hakikutoa sauti. Ramazani alitabasamu kama mtu aliyeoa jana. Kisha nikaondoa ndoo, nikaiachia nyundo.

Kilikatika vipande viwili, safi, na nusu moja ikaruka ikagonga dirisha. Nikanyamaza, kama desturi.

"Piga kelele, Papa," akasema. "Sema imepita."

"Haijapita, tonton."

"Nani anapigaka maiti na nyundo?"

"Batu wanabeba, mumoja anajikwaa, uzito yote inaanguka kwa mukono moja. Ile njo nyundo."

"Donc unataka ikunjike tena. Batu waone tena."

"Nataka ituonye mbele ya kuvunjika. We mwenyewe ulinifundisha. Punguza mpembe, uchuje muzuri. Itakunjika kidogo, mais itabeba."

Akatazama ile nusu iliyolala chini ya dirisha. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"We uko peke yako, Papa. Hauna mutu yako mwenye atalala pale juu. Njo maana unaongea mwepesi."

Akaokota vile vipande viwili, akaondoka. Najua alikuwa na uchungu. Nilijua hata wakati ule, lakini kujua hakukunisaidia, maana alikuwa amesema ukweli. Nilikuwa peke yangu, na mtu pekee aliyenifanya nisilihisi sana jambo hilo alikuwa yeye.

Kesho yake vipande vililetwa na mfanyakazi mwingine. Nikavunja cha kwanza, kikabeba vizuri, nikapiga kelele, "Imepita!" Nikasubiri pipa. Nikasikia mashine ikinguruma na watu wakiongea, lakini pipa halikugongwa. Halikugongwa tena kamwe kwa ajili yangu. Tulisalimiana asubuhi kwa adabu zote, "Papa", "Tonton", kama watu wawili waliokutana foleni ya benki. Mama Kahindo alitukalisha chini, akatupa soda, akasema, "Mupatane basi, mi nitafunga hii nyumba!" Tukanywa soda.

Baada ya majuma machache nikasikia kwamba jeneza jipya lipo msikitini, jeupe linang'aa. Hakuna kipande chake kilichofika mezani pangu. Kwa hiyo nikajua, au nilidhani najua, kwamba ametumia mihimili ile ile niliyoikataa. Sikwenda kutazama. Sikuwa nimealikwa, na niliogopa kukuta nilichotarajia kukuta. Lakini kila niliposikia wamefiwa, kazi ilinishinda siku hiyo. Nilikaa na ndoo mkononi nikifikiri juu ya barabara ya makaburini baada ya mvua, mashimo yake, vijana wanaosukumana kubeba, kila mmoja akitaka kupokea thawabu. Nilisubiri mtu aje aseme limekatika. Hakuna aliyekuja. Hiyo ndiyo shida ya kazi yetu, na wewe uliyerithi meza uizoee mapema. Ukiwa umesema kweli, mara nyingi hakuna kitu kinachotokea, na watu wanakuona mtu wa hofu bure.

Ramazani aliacha kazi kabla yangu, mgongo ulimkataa. Siku ya kumuaga alizunguka akawashika mikono wote. Aliponifikia aliushika wangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akapita kwa mwingine. Kisha nami nikastaafu. Nikarudi hapa Lubunga na ndoo yangu.

Sitawadanganya kuhusu kustaafu. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Watoto wananipigia simu kutoka Kinshasa, wanauliza kama nimekula, nawaambia nimekula. Asubuhi bado naamka saa ya mtumbwi wa kwanza, nashuka hadi kivukoni, natazama wenye kazi wakivuka, kisha napanda kurudi. Wapiga kasia waliniuliza mwanzoni kama navuka. Siku hizi hawaulizi. Kuna siku maneno ya kwanza kutoka kinywani mwangu yanakuwa ya jioni, tena ya kumfukuza mbuzi wa jirani.

Habari za kifo cha Ramazani nililetewa na Mama Kahindo mwenyewe kwa simu, analia. Nikavaa shati jeupe, nikavuka. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumswalia, wanatoka naye. Jeneza lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani, na wanaume wamejaa pande zote, wanapokezana begani kila hatua chache. Sikutaka kubeba. Niseme waziwazi: niliogopa. Alikuwa mtu mzito, na mvua ilikuwa imenyesha. Lakini mtu mmoja akanitambua akanivuta mkono, "Papa, kuja, alikuwa mutu yako," na kabla sijajibu nikawa chini ya mhimili wa mbele, upande wa kulia.

Uzito ukaniingia begani. Tukapiga hatua mbili tatu. Mtu wa nyuma akaingia shimoni, jeneza likayumba, uzito wote ukatua upande wangu, na mhimili ukajipinda.

Ukajipinda, kisha ukarudi. Na karibu kabisa na sikio langu nikausikia ule mlio mwembamba, wa mtu anayesogea kitandani chumba cha pili. Nikaushika mhimili kwa mikono yote miwili, nusura niwe mimi wa kulitupa.

Alikuwa ameitengeneza upya. Mihimili ile myeupe aliirudisha kwenye mashine, akapunguza mpembe kama nilivyomwambia, akapaka rangi nyeupe juu ili waombolezaji wapate weupe wao. Hakuniambia. Miaka yote ile nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuwepo.

Tulipokwisha kumzika nikalifuata jeneza tupu hadi msikitini. Kuna kijana aliyekuwa mbele yangu njiani, alikuwa anajisugua shingo.

"Hii mukono ya mbele inatugongaka kila mara," akamlalamikia mlinzi wa msikiti. "Iko murefu kupita zingine. Si tuikate tu?"

"Tulitakaka kukata zamani," mlinzi akasema. "Mzee Ramazani alikatala. Alisemaka, 'Ile haiko yenu. Iko na mwenyewe, atakuja.'"

Nikainama kuutazama. Mkono ule ulikuwa umezidi mingine kwa shibiri moja, na mahali pa kukatia palikuwa na mstari wa kisu, chini ya rangi, mnyoofu kama alivyoichora yote.

Nikaupapasa kwa kidole. Nililia mbele yao bila kujificha, nao wakadhani ni kwa ajili ya maziko. Nilipotulia nikamwomba mlinzi msumeno.

"Njo we mwenyewe?" akauliza.

"Njo mimi. Nimechelewa."

Nikakata juu ya mstari. Nikavuka mto na kipande changu nimekifunga kwenye leso, na kesho yake asubuhi nikatoa ndoo uani. Reli zangu mnazo ninyi, kwa hiyo nilitumia matofali. Mnaweza kusema ningekihifadhi kama kumbukumbu. Ramazani hakuniachia kumbukumbu, aliniachia kipande, na kipande kinavunjwa. Alikuwa anasubiri jibu.

Nikamimina mchanga kwa kikombe, polepole. Kikajipinda. Kikaanza kuongea, nikainamisha sikio, kikaongea muda mrefu sana kabla ya kuachia. Nyundo sikuwa nayo, lakini mshtuko nilikwisha kuupima jana yake begani. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, na mpembe umetawanyika laini, bila bonge hata moja. Alikuwa ameuchuja kwa kitambaa.

Nikasimama, nikageukia mtoni, nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobaki nazo. "Imepita!"

Mbuzi wa jirani akakimbia. Nikabaki nimesimama pale uani na kikombe mkononi, nikisubiri pipa.